Ngeli za Alama: Uchunguzi wa Kisarufi Kuhusu Opereta za Java

Lugha ya Java, iliyotangazwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995, hujitambulisha popote iendapo kwamba ni lugha ya objekti. Mwanafunzi huambiwa siku ya kwanza darasani kwamba humo kila kitu ni objekti, huambiwa siku ya pili kwamba namba si objekti, na kufikia siku ya tatu ameshaacha kuuliza. Makala haya yanarudi kwenye ile siku ya pili.

Chanzo chetu kikuu ni maelezo rasmi ya lugha yenyewe, kitabu kinene ambacho wanaprogramu wengi hukitaja na wachache hukifungua. Katika sura yake ya tatu mna daftari la alama zinazotambuliwa kuwa opereta, na idadi yake ni 38. Zimo * na / ambazo kila mwenye duka anazijua, zimo && na ||, na imo pia >>>= ambayo ukiikuta usiku unaweza kudhani paka amepita juu ya kibodi. Tulizichukua zote 38, moja baada ya nyingine, tukaziuliza swali moja tu: ukiwekewa objekti mbele yako, waweza kuifanyia kazi bila kuigeuza kwanza kuwa namba, au kuwa kweli na si kweli? Alama 30 zilijibu hapana.

Nane zilizobaki ni =, ==, !=, +, +=, ?, : na ->. Hata miongoni mwa hizo, ? na : ni nusu mbili za opereta moja, zikahesabiwa vichwa viwili kwa sababu waandishi wa daftari walikuwa wakihesabu maumbo, kazi hawakuzitazama. Dai letu basi ni hili: katika lugha inayojinadi kwa objekti, daftari la opereta limejaa alama zisizoijua objekti, na zile zinazoitumikia kweli kweli hazimo daftarini. Dai zito namna hii halina budi kuthibitishwa kwa utaratibu.

Kwanza, kama ilivyo ada, tuwapitie waliotutangulia ili tuwapinge kwa heshima. Kuna Shule ya Idadi, ambayo huzigawa opereta kwa kuhesabu majirani zake. Ipo yenye jirani mmoja, kama ! ambayo hukanusha kinachoifuata. Zipo zenye majirani wawili, kama *. Na yenye majirani watatu ni moja pekee, ile ya ? na :. Ni mgawo safi mpaka uifikie alama ya kutoa. Katika -5 ina jirani mmoja, katika 8 - 5 ina wawili, na katika 8 - -5 imejitokeza mara mbili kwenye mstari mmoja, kila mahali na kitambulisho chake. Halafu kuna Shule ya Kazi, iliyoviteka vitabu vya vyuo: opereta za hesabu, za kulinganisha, za mantiki, za biti, za kupachika. Shule hii ina jedwali. Wanafunzi hulikariri, hulifanyia mtihani, kisha hawakutani nalo tena maishani. Kosa lake ni kuamini sura. Alama & imepangwa katika fungu la biti, lakini ukiipa kweli mbili itafanya mantiki bila kumuaga mtu.

Wasomi wa Kiswahili walilipitia tatizo hili zamani. Walioziainisha nomino kwa viambishi vya mwanzo walimkuta kiongozi, kipofu na kijana wamekaa safu moja na kisu na kijiko, kwa kosa la kuanza na ki-. Waliokuja baadaye wakaacha kukitazama kichwa cha nomino, wakaisikiliza sentensi: kiongozi amefika, hatusemi kimefika. Upatanisho ukawatoa jikoni. Nasi tumeazima mbinu hiyo hiyo. Hatujali alama ina sura gani wala ina majirani wangapi. Tunauliza inadai nini kwa majirani hao ndipo ikubali kufanya kazi. Jibu linatupa ngeli mbili ndani ya daftari, kighairi kimoja chenye kiburi, na ngeli ya tatu ambayo daftari limeikataa.

Ngeli kubwa kuliko zote ni ya Makarani, yenye zile alama 30. Karani hupokea namba, au kweli na si kweli, basi. Ukimletea Integer, ambayo ni namba iliyovikwa klasi, kompaila huivua kimya kimya mlangoni, hesabu hufanywa, na ikibidi huvikwa tena wakati wa kutoka. Shughuli hii haionekani, ndiyo maana husahaulika, mpaka siku inapogundulika kwamba ndani ya vazi hamna mtu: Integer yenye null ikifikishwa kwenye alama ya kuzidisha, programu huanguka pale pale.

Makarani hushika kanuni hata pale kanuni inapochekesha. Kwao 7 / 2 ni 3, kwa kuwa namba kamili mbili hazina ruhusa ya kuzaa desimali. Kwao -7 % 3 ni -1, ilhali lugha ya Python kwa swali hilo hilo hujibu 2, na kila upande una wanahisabati wa kuutetea. Namba 2147483647 ikiongezwa moja kwa ++ hugeuka kuwa -2147483648 bila onyo wala aibu. Na 1 << 32 hubaki 1 ile ile, kwa sababu alama ya kusogeza huzitazama biti tano tu za mwisho za idadi uliyoitaja, na 32 kwa biti tano ni sifuri. Kuhusu ^, ~ na >>> tutasema tu kwamba zipo. Wanaozihitaji wanazijua, na wasiozihitaji wasisumbuliwe.

Makarani wawili, hata hivyo, wanastahili kusimamiwa kidogo, nao ni && na ||. Hawa ni wavivu kwa mujibu wa sheria. Alama && hutazama upande wake wa kushoto kwanza, na ikikuta si kweli haijisumbui na upande wa kulia, kwa kuwa jibu limeshajulikana. Ajabu ni kwamba uvivu huu ndio mlinzi mkubwa wa objekti katika Java. Mwanaprogramu anapoandika mteja != null && mteja.deni() > 0, anategemea kwamba mteja asipokuwepo hakuna atakayethubutu kumuuliza deni lake. Andika & moja badala ya mbili, bidii itarejea, pande zote mbili zitakaguliwa, na programu itakufa kwa uchapakazi. Katika lugha ya C++ mtu anaruhusiwa kuipa && maana mpya kwa klasi zake mwenyewe, lakini akifanya hivyo inapoteza uvivu wake, na pamoja nao ule ulinzi. Basi karani asiyewahi kuiona objekti ndiye anayeilinda, tena kwa kukataa kufanya kazi. Tumelisajili jambo hili na tunaendelea.

Ngeli ya pili ni ya Anwani, na historia yake ina dhuluma ndani yake. Alama = ilibuniwa na Robert Recorde, tabibu na mwanahisabati wa Wales, katika kitabu cha mwaka 1557. Alikuwa amechoka kurudia maneno ya usawa kila mstari, akachora mistari miwili sambamba, kwa hoja kwamba hapatakuwa na vitu viwili vilivyo sawa kuliko hivyo. Alama ikaifanya kazi hiyo karne nne. Kisha lugha ya Fortran ya 1957 ikaichukua na kuipa kazi ya kupachika thamani. ALGOL ilijaribu kuirudishia heshima yake kwa kutumia := mahali pa kupachika, lakini Ken Thompson alipoiunda lugha ya B huko Bell Labs aliona kwamba wanaprogramu hupachika mara nyingi kuliko wanavyolinganisha. Alama fupi ikapewa kazi ya kila saa, na usawa, uliokuwa mwenye mji, ukalazimika kuandikwa ==. C ikarithi, C++ ikarithi, Java ikarithi. Mistari miwili ya Recorde imekuwa minne, na bado watu huandika miwili palipotakiwa minne.

Asidhani mtu kwamba kupachika ni jambo dogo. Mwaka 2018 jamii ya Python ilibishana vikali kuhusu kuiongeza := ili mtu aweze kupachika katikati ya usemi mwingine. Pendekezo lilikubaliwa, na mwezi Julai mwaka huo huo Guido van Rossum, aliyeiasisi lugha hiyo na kuiongoza tangu mwanzo, akajiuzulu uongozi akiwa amechoshwa na mabishano. Alama yenyewe iliingia katika toleo la 3.8 mwaka 2019. Katika utafiti wetu hatukupata alama nyingine iliyomng'oa mfalme.

Turudi Java. Alama = ikikutana na namba huinakili namba. Ikikutana na objekti, objekti haiguswi. Kinachonakiliwa ni anwani ya mahali ilipo. Andika Mkopo b = a; kisha uuambie b upunguze shilingi 50,000, halafu nenda kauangalie a. Nao umepungua. Mikopo haijawahi kuwa miwili: ni mmoja wenye majina mawili, na atakayelijua moja tu kati ya majina hayo atashangaa sana mwisho wa mwezi.

Ndugu yake == hufuata upatanisho ule ule. Hailinganishi objekti na objekti, bali anwani na anwani. Stringi mbili, yaani vipande viwili vya maandishi, zenye neno Lamu, herufi kwa herufi, zinaweza kuitwa tofauti kwa sababu tu zimehifadhiwa mahali pawili. Mbaya zaidi, zinaweza kuitwa sawa: ukiliandika neno hilo mara mbili moja kwa moja ndani ya programu, Java hulihifadhi mara moja tu kwa kubana matumizi, == husema kweli, na mwanafunzi hutoka darasani akiamini amefuzu. Kesho yake neno hilo linasomwa kutoka kwenye faili na kweli ya jana inakuwa si kweli.

Kisa cha Integer kinapita hicho. Java huweka tayari objekti za namba kutoka -128 hadi 127, na kila namba ya kati ya hizo ikihitaji kuvikwa klasi hupewa ile iliyokwisha tayarishwa. Kwa hiyo Integer mbili zenye 127, zikilinganishwa kwa ==, ni sawa. Zenye 128, kwa mipangilio ya kawaida, si sawa. Programu ya kusajili wanafunzi yaweza kupita kila jaribio mwaka mzima, ikaanza kukana mambo yaliyo wazi siku shule inapomwandikisha mtoto wa 128. Tumewasikia watu wakiilaumu ==. Kwa mtazamo wa sarufi haina kosa lolote: ilidai anwani, ikapewa anwani, ikalinganisha anwani. Anayetaka kujua kama vilivyomo vinafanana lazima atoke nje ya daftari, aende kwa metodi iitwayo equals, ambayo nayo ina mambo yake, kama tutakavyoona.

Kuhusu ? na :, hizi huchagua anwani moja kati ya mbili na kuikabidhi. Kazi ndogo, na huifanya kwa adabu.

Tunafika kwa kighairi, yaani +. Hii ndiyo kiongozi wetu aliyekaa na vijiko. Kwa umbo ni karani wa hesabu. Kwa upatanisho, ikiona stringi upande wowote, hubadilika papo hapo na kuwa mshona maneno. Husoma kutoka kushoto kwenda kulia na haikumbuki ilichokifanya sekunde iliyopita. Ndiyo maana 1 + 2 + " watu" hutoa 3 watu, ilhali "watu " + 1 + 2 hutoa watu 12. Ukiipa herufi mbili zilizo katika alama moja ya nukuu, 'a' + 'b', huzikataa kuwa maneno, huzijumlisha kwa namba zake za siri na kurudisha 195. Na haiogopi null. Makarani wote hufa wakiigusa, lakini + ikiwa katika kazi ya maneno huiandika tu kama ilivyo, na hapo ndipo zinapotoka zile barua pepe zinazoanza kwa Mpendwa null.

Kiburi cha + kina asili yake. Katika C++, mwasisi wake Bjarne Stroustrup aliwaruhusu wanaprogramu kuzipa opereta maana mpya kwa klasi zao, na yeye mwenyewe akaitumia ruhusa hiyo kuifanya <<, alama ya kusogeza biti, iwe ya kuandika maneno kwenye skrini. James Gosling alipoisanifu Java aliiondoa ruhusa hiyo. Ameeleza kwamba ulikuwa uamuzi wake binafsi, baada ya kuona watu wengi mno wakiitumia vibaya katika C++. Kisha yeye na wenzake wakaipa + ruhusa iliyokatazwa kwa kila mtu mwingine. Hatuna la kusema juu ya sheria ambayo mtunzi wake ndiye pekee anayeruhusiwa kuivunja, ila kwamba tumewahi kuona za namna hiyo mahali pengine.

Athari ya katazo hilo huonekana penye fedha. Katika hesabu za desimali za kawaida, 0.1 + 0.2 hutoa 0.30000000000000004, kwa hiyo wenye akili hutumia klasi iitwayo BigDecimal. Lakini BigDecimal ni objekti, na makarani hawapokei objekti za aina hiyo, kwa kuwa haziwezi kuvuliwa. Bei mara idadi, kuongeza kodi, haiandikwi bei * idadi + kodi kama kwenye daftari la duka. Huandikwa bei.multiply(idadi).add(kodi). Ukitaka kulinganisha matokeo, usiende kwa ==, na hata equals itakuangusha, kwani kwake 2.0 na 2.00 si sawa kwa kuwa desimali zake hazilingani kwa urefu. Lazima uende kwa compareTo. Alama 38 zimekaa zinatazama, na hesabu ya shilingi inafanywa kwa maneno ya barua.

Lakini hebu mstari ule uangaliwe vizuri: bei.multiply(idadi).add(kodi). Ni alama gani iliyofanya kazi pale? Nukta. Mara mbili. Na nukta haimo kwenye orodha ya opereta. Daftari limeiweka katika orodha nyingine, ya vitenganishi 12, pamoja na mkato na mabano, kana kwamba kazi yake ni kuzuia maneno yasigongane. Ilhali nukta ndiyo inayoiendea objekti, inayoitafuta metodi inayofaa kulingana na aina halisi ya objekti iliyopo wakati programu inaendeshwa, na kuianzisha. Ukiifuta nukta, Java haina objekti tena, ina majina tu.

Huko ndiko iliko ngeli yetu ya tatu, ya Waliofungiwa Nje. Mna nukta. Mna new, inayozizalisha objekti, iliyoandikishwa kama neno la msingi tu. Mna instanceof, inayouliza objekti ni ya aina gani, na hali yake ndiyo ya kusikitisha kuliko zote: sura ya 15 ya maelezo yale yale inaiita opereta waziwazi, orodha ya opereta katika sura ya tatu haiitaji. Ni mwananchi kwa sura moja na mgeni kwa sura nyingine. Hata hivyo ina hekima inayowashinda walioandikishwa: ukiiuliza kuhusu null hujibu si kweli, kwa utulivu, bila kuangusha kitu.

Nukta haina utulivu huo. Ikiiendea anwani na kukuta null, husimamisha kila kitu na kutangaza NullPointerException, msiba unaojulikana na kila aliyewahi kuandika Java. Null yenyewe ni ya mwaka 1965, ubunifu wa Tony Hoare alipokuwa akiisanifu ALGOL W. Mwaka 2009 aliiita kosa lake la dola bilioni moja. Kwa miaka mingi Java ilitangaza msiba huo kwa kutaja mstari tu, hata kama mstari una nukta tano. Tangu toleo la 14 la mwaka 2020 ndipo tangazo lilipoanza kueleza ni kitu gani hasa kilikuwa null. Lugha ya Kotlin ilitafuta dawa nyingine: ina alama ?. ambayo ni nukta iliyofundishwa kubisha hodi.

Kuna lugha iliyolitatua tatizo letu kabla halijazaliwa. Smalltalk, iliyotoka Xerox PARC katika miaka ya 1970 chini ya Alan Kay, haina karani hata mmoja. Ndani yake 3 + 4 ni ujumbe: objekti 3 inaambiwa ijijumlishe na 4, nayo inaamua yenyewe. Alama za hesabu ni majina ya metodi kama majina mengine. Gharama ya usawa huo ni kwamba hakuna alama inayomtangulia mwenzake, na 2 + 3 * 4 hutoa 20, kwa kuwa aliyetajwa kwanza hufanya kwanza. Walimu wa hisabati hawakufurahi. Kwa mtazamo wa ngeli, ndiyo lugha pekee kati ya tulizozitaja ambayo daftari lake halituhitaji sisi.

Limebaki suala moja la kiutawala. Mwaka 2014 toleo la 8 la Java lilileta wageni wawili kwa mpigo, -> na ::. Zote mbili hutengeneza kipande cha kazi kinachoweza kukabidhiwa kwa metodi nyingine, na mara nyingi moja hushika nafasi ya mwenzake: m -> m.jina() na Mtu::jina humaanisha kitu kile kile. Wa kwanza, asiyejumlisha wala kulinganisha chochote, akaandikishwa opereta ya 38. Wa pili akapelekwa kwenye vitenganishi, akakae na mkato. Programu nyingi za kuandikia msimbo siku hizi humshauri mtu aubadilishe ule mstari wa kwanza uwe kama wa pili. Akiubonyeza ushauri huo, idadi rasmi ya opereta katika kazi yake hupungua kwa moja, na programu huendelea kufanya kile kile ilichokuwa ikifanya.